Buluu ya Wistin

Arobaini na moja kwa mia.
Mwalimu Zerafa aliandika alama kwa kalamu ya kijani
akidhani kijani hakiumi.
Nilikuwa nimechora atomu kama uwanja wa mbio za farasi:
kiini katikati, elektroni zikifukuzana pembeni,
kila moja na njia yake.
"Hazizunguki hivyo," aliandika ukingoni.
"Elektroni ukiiuliza iko wapi, itakujibu: labda.
Chora labda."

Labda huchorwaje?

Nikateremka hadi kwenye kibanda cha baba,
nje ya kijiji, katikati ya kuta za mawe ya chokaa,
mbali na nyumba za watu kwa amri ya serikali
na kwa sababu ya ami Karmnu,
ambaye asubuhi moja ya Julai alikuwa anapiga mluzi,
halafu mluzi haukuwepo,
wala kibanda cha zamani, wala yeye.

Baba huchanganya baruti za sikukuu kwa mwiko wa mti.
Chuma hakiingii humu, wala nailoni,
wala hasira.
Hakusoma kemia. Alisoma moto.
"Nisomee hilo jedwali lenu," akasema, "polepole,
kama unayeita majirani."
Nikaisoma safu ya pili, juu kwenda chini:
beriliamu, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu...
Mwiko ukasimama.
"Ngoja. Hao nawajua.
Magnesiamu ndiye mweupe wangu. Kalsiamu, chungwa.
Strontiamu damu, bariamu jani.
Miaka thelathini nimewapanga rafu moja,
kumbe ni ndugu?"
"Ndugu. Kila mmoja ana elektroni mbili mlangoni,
na hizo mbili haoni taabu kuziaga."
Akainua mkono wa kushoto, ule wa vidole vitatu.
"Basi na mimi niandikeni safu hiyo."

Sikucheka mara moja.

"Kama ni ndugu, mbona hawawaki rangi moja?"
Hapo nikamweleza kile nilichokuwa nimekikosea darasani:
kwamba kila nyumba ina ngazi yake,
na elektroni haina ruhusa
ya kusimama kati ya kidato na kidato.
Joto huipandisha. Haidumu juu.
Huanguka, na tunachokiona ni lile anguko:
fupi, jekundu; refu, buluu.
Alinisikiliza kama mtu anayesimuliwa ndoto yake mwenyewe.

"Buluu ni bahili," akasema.
"Ni ndoa ya shaba na klorini.
Moto ukipungua, wamenuniana.
Moto ukizidi, wameachana.
Na hapo bado sodiamu hajapita."

Sodiamu, mmbea wa kisiwa.
Chembe moja tu, tone la jasho la kipaji,
na anga zima litazungumza manjano.
Hapa Malta chumvi imo ndani ya upepo,
imo kwenye shuka, imo shavuni.
Mwaka wa Karmnu, nikiwa na miaka tisa,
baba alinitoa nje kwa bega:
"Kalie huko. Utaniharibia buluu."
Nilimchukia mpaka Krismasi.
Sikuwa nimemwona yeye mwenyewe
nyuma ya ukuta, amejifuta uso,
akinawa mikono mara ya tatu, mara ya nne.

Usiku wa sikukuu ya somo wa parokia
bendi mbili zilikuwa zimechoka kushindana tarumbeta.
Baba hakutazama juu. Alitazama saa.
Nne. Tano.
Ikafunguka juu ya mnara,
buluu tupu, bila tone la manjano,
na uwanja mzima ukasahau kumeza.
"Ya Karmnu hiyo," akasema kwenye saa yake.
"Mimi nilipunguza moto tu."

Nami nikaziwazia zote, zisizohesabika,
zikianguka kutoka kidato zisichoweza kukikalia,
na hakuna awezaye kuapa
kwamba hii ilikuwa hapa na ile pale.

Rangi ikaisha. Moshi ukabaki,
mzito katikati, mwepesi pembeni,
hauna ukingo unaoweza kuugusa ukasema: umeishia hapa.
Nikaigeuza karatasi ya mtihani,
nikaomba kalamu kwa mpiga ngoma,
nikachora.